Kapu la Wenyewe

Neno la kusoma: Ezra 8:15-34



Mchungaji ameniomba niandike neno la mwezi huu kwa ajili ya kwaya yetu. Kama mlivyotangaziwa, mwezi wa sita, Mungu akipenda, kwaya itasafiri siku kumi na mbili kupitia Sengerema, Geita na Biharamulo hadi Bukoba, ikiimba na kukusanya fedha za sare na madaftari ya watoto yatima wa visiwani. Nadhani ameniomba mimi kwa kuwa nimefundisha kuimba tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu Butimba mwaka 1982. Mimi nimekubali kwa sababu nyingine. Njia hiyo hiyo niliipita mwaka 1996 nikiwa mweka hazina wa kwaya, na liko jambo la safari ile ambalo ni wazee wachache tu wa kanisa hili wanaolijua. Nitalisema huko mbele. Tuanze na Neno.

Sura ya 8 ya Ezra wengi wetu huiruka, maana inaanza na orodha ndefu ya majina, na msomaji wa zamu akiyaona majina yale huogopa kuyatamka mbele ya watu. Vumilieni mfike mstari wa 15. Hapo Ezra amepiga kambi kando ya mto uitwao Ahava, siku tatu, pamoja na watu wazima na watoto wao. Mbele yao iko safari ya miezi minne kwenda Yerusalemu. Mikononi mwao uko mzigo wa thamani, fedha na dhahabu na vyombo, matoleo ya mfalme na wakuu wake na Waisraeli waliokuwako huko, kwa ajili ya nyumba ya Mungu. Ezra mwenyewe anakiri kwamba aliona haya kumwomba mfalme askari wa kuwalinda njiani, kwa sababu alikuwa amekwisha kumwambia mfalme jinsi Mungu anavyowasaidia wamtafutao. Basi wakafunga, wakaomba.

Walipokwisha kuomba, ikaletwa mizani. Ezra aliwatenga wakuu wa makuhani kumi na wawili akawapimia: fedha talanta 650, vyombo vya fedha talanta 100, dhahabu talanta 100, na mabakuli ya dhahabu 20. Akawaagiza wavilinde mpaka watakapovipima tena mbele ya wakuu huko Yerusalemu. Nao walipofika walipumzika siku tatu, na siku ya nne kila kitu kikapimwa kwa hesabu na kwa uzani, na uzani ukaandikwa saa ile ile.

Angalieni watu hao walikuwa nani. Walikuwa makuhani. Hatusomi mahali popote kwamba kuna aliyewashuku. Pengine mmoja wao alinung'unika moyoni, akisema, Mbona tunapimiwa kama wachuuzi wa sokoni? Lakini mimi nisomavyo, Ezra aliwapenda watu wale. Alijua miezi minne ya barabarani itakavyowafanya: njaa, uchovu, mtoto mwenye homa, mnyama wa mizigo aliyefia njiani. Mtu mwema akiwa safarini, mali ya watu iko mkononi mwake na shida yake iko mbele ya macho yake, huanza kupiga hesabu mpya. Haya siyasemi kwa kuyasoma kitabuni.

Wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa juu ya mwaka 1996. Jumanne tarehe 21 Mei, asubuhi, meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba na Kemondo, ilipinduka ikazama ikiwa karibu kabisa na kufika Mwanza. Ilikuwa meli ya kubeba abiria 430. Waliokufa walizidi 800. Wengi walizikwa pale Igoma, na wengine ziwa halikuwarudisha. Katika darasa langu walikuwamo watoto wawili, ndugu, ambao baba yao alikuwa ndani ya meli ile. Kwa wiki nyingi nilikuwa nikiita majina yao asubuhi na sauti inanikwama.

Basi kwaya yetu, watu 26, tuliamua kusafiri likizo ya mwezi wa sita, tuimbe kila mahali njiani, na fedha zitakazopatikana tuwakabidhi walezi wa mayatima huko Bukoba. Tulikwenda kwa barabara. MV Victoria ilikuwapo, lakini nani kati yetu angepanda meli mwezi ule? Mfanyabiashara mmoja, mtu mwema, alitupa lori na dereva bila malipo, mafuta juu yetu. Mchango wa safari tulijichanga wenyewe, ukakaa katika mfuko wa kitambaa. Kwa kukusanyia matoleo ya watu nilinunua sokoni kapu la ukindu lenye mfuniko, nami nikapewa daftari na kalamu.

Kijana wa kwaya hufikiri kwamba ziara ni kuimba. Kuimba ni saa moja na nusu kwa siku. Saa zinazobaki ni vumbi, kusubiri, na kutafuta choo.

Ninyi mtapita juu ya daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwezi Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na dakika chache mtakuwa ng'ambo. Sisi tulifika Kigongo saa nne asubuhi, tukavuka kwa kivuko saa kumi na moja jioni, maana foleni ya malori ilikuwa ndefu. Hapo ndipo nilipoona kwamba kwaya haiharibiki ikiwa inaimba, huharibika ikiwa imekaa. Kufikia saa nane sauti ya kwanza walikuwa hawasemezani na sauti ya pili, na sababu ilikuwa mihogo ya kukaanga. Nani aliinunua, na nani alikula bila kualika. Mwinjilisti aliyetuongoza hakuhubiri. Alitupanga chini ya mti, akatoa sauti, tukaanza. Akina mama wauza samaki wakasogea na beseni zao, madereva wakashuka, na bila mtu kuomba sadaka watu wakaanza kutia sarafu katika kapu langu. Shilingi 3,150. Niliziandika palepale, mstari wa kwanza wa daftari. Siku ile niliandika.

Kule Sengerema tuligawanywa wawili wawili katika nyumba za Wakristo. Mimi na dada mmoja wa sauti ya pili tulipokewa na mama mjane mwenye watoto wanne. Alitupa kitanda chake, yeye na wanawe wakalala sebuleni juu ya mkeka. Usiku tulikula wali na jogoo. Alfajiri niliamka kwa mazoea nikingoja jogoo awike, pakawa kimya, nikakumbuka yuko wapi. Nilipotoka nje kunawa uso nikamsikia mama yule akimtuma mtoto kwa jirani, kwa sauti ya chini, akakope sukari ya chai ya wageni. Na jioni ile, tulipopitisha kapu kanisani, ni yeye niliyemwona akifungua fundo la kanga yake na kutoa.

Katika Luka 10 Bwana Yesu anawaagiza wale sabini wakae katika nyumba ile ile iliyowapokea, wale na kunywa wanachopewa, wasihame-hame nyumba kwa nyumba. Zamani nilidhani hayo ni maagizo ya adabu tu. Baada ya Sengerema niliyaelewa kwa namna nyingine. Mgeni akihama kutafuta nyumba yenye chandarua na chapati, amemtangaza mwenyeji wake wa kwanza kijiji kizima kuwa ni maskini. Wanakwaya, mtakapoambiwa nyumba ya kulala, msiulize kwanza kama ina umeme. Na mnapopewa nyama, kuleni polepole, maana yawezekana watoto wa nyumba hiyo wanangoja nyuma ya mlango waone kitakachobaki.

Geita ilikuwa furaha tupu. Baada ya ibada ulifanyika mnada wa vitu vilivyoletwa na wasio na fedha: mayai, mchele, mahindi, miwa, na kuku mmoja wa madoadoa. Wachimbaji wadogo wa dhahabu walikuwa wamejaa nyuma ya kanisa, wengine na udongo bado miguuni. Mmoja akamnunua yule kuku kwa shilingi elfu tano, kisha akamrudisha mezani akasema auzwe tena. Kuku yule aliuzwa mara nne, akaokoka na kisu, tukamwacha kwa Mchungaji wa pale. Nilicheka mpaka machozi. Nikawakumbuka wazee wetu wa Kisukuma na bugobogobo, kundi linaitwa kulima shamba la mtu, wanalima huku wanaimba na ngoma inapigwa, na malipo ni ya kundi zima, hayaingii mfukoni mwa yule mwenye sauti nzuri. Kumbe tulikuwa tumefundishwa kazi hii kabla hatujafundishwa nyimbo za kanisani.

Kutoka Geita mambo yakabadilika. Mafuta yalikuwa yametumika kuliko tulivyokadiria na mfuko wetu wa safari ukawa mtupu. Katika pori la Biharamulo siku zile magari yalikuwa yakisubiriana yaende kwa msafara, na polisi wenye bunduki pamoja nao, kwa ajili ya majambazi. Ezra aliona haya kuomba askari. Sisi hatukuona haya hata kidogo, tuliwashukuru na tukawaimbia. Jioni ilikuwa inaingia, gurudumu la nyuma likapasuka, na la akiba nalo lilikuwa bovu. Msafara hauwezi kungoja. Dereva akapata gurudumu kuukuu kwa dereva mwenzake kwa shilingi 14,000. Watu wote 26 wakanitazama mimi. Nikafungua kapu.

Nilijiambia kwamba ni mkopo, tutarudisha. Sikuandika. Giza lilikuwa linaingia, polisi wanahimiza, kalamu iko chini ya mizigo. Sababu zilikuwapo, na zote ni za kweli.

Siku ya pili yake, karibu na Muleba, vijana walikuwa wamechoka, vumbi limewakausha koo, wananung'unika kwamba hata maji ya kunywa hayapo. Nikanunua soda na maandazi kwa wote, shilingi 6,200. Walinishangilia, nami nikafurahi kushangiliwa. Sikuandika. Siku ya tatu binti wa sauti ya kwanza akashikwa na malaria, nikalipa dawa shilingi 2,300. Dawa ile nisingeweza kuikataa, na leo pia nisingeikataa. Lakini sikuandika, na safari hii hata sikukumbuka kwamba sikuandika. Ya kwanza ilinichoma. Ya pili niliisikia kidogo. Ya tatu ilipita kama maji.

Yohana anatuambia katika sura ya 12 ya Injili yake kwamba Yuda ndiye aliyechukua mfuko, na kwamba alikuwa akiviiba vilivyotiwa humo. Hatuambiwi alianza lini, wala alianza kwa ajili ya nini. Huwa najiuliza kama siku ya kwanza haikuwa dawa ya mtu.

Bukoba tulikabidhi fedha ndani ya kanisa, mbele ya watu wengi. Nilisimama nikatangaza shilingi 187,300, kama ndizo zote tulizopewa njiani. Tulizopewa zilikuwa 209,800. Nikaketi. Akainuka bibi mmoja mzee, na wajukuu watatu wamemshika kanga, akasema kwa Kihaya na mtu akatufasiria. Hakutushukuru sisi sana. Aliuliza majina ya mahali tulikopita, akataka atajiwe moja moja: Kigongo, Busisi, Sengerema, Geita, Biharamulo. Kisha akasema, watu wale hawanijui wala sitawaona, basi ninyi mkirudi mkawaambie kwamba walichokituma kimenifikia chote.

Nilirudi Mwanza na neno hilo la mwisho. Kwa miezi kumi na minne nilinyamaza nalo. Nilifundisha sol-fa, niliimba, nilishiriki Meza ya Bwana.

Kilichonifungua ni somo la muziki. Nilikuwa naandaa mazoezi ya nyimbo za kale za Wamarekani weusi, nikaitafuta kumbukumbu yangu ya chuoni juu ya Waimbaji wa Jubilee. Habari hizo nilizijibu katika mtihani pale Butimba nikapata alama nzuri, bila kuziona maana yake. Tarehe 6 Oktoba 1871 vijana tisa, wanaume kwa wanawake, wengi wao waliozaliwa utumwani, waliondoka mji wa Nashville kwenda kuimba ili kuiokoa shule yao ya Fisk, iliyokuwa imezama katika madeni. Aliyewaongoza ni George White, naye alikuwa mweka hazina wa shule. Siku chache baadaye moto mkubwa ukauteketeza mji wa Chicago. Waimbaji walikuwa Cincinnati, baridi inakaribia, shule yao inadaiwa, wao wenyewe hawana kitu. Walichokusanya pale hakikufika dola 50. Wakakitoa chote kwa watu waliounguliwa.

Kule mbele yake njia yao ilikuwa ngumu sana. Hoteli ziliwakataa kwa ajili ya rangi yao. Lakini walisonga, wakajiita kwa jina la mwaka wa Yubile tunaousoma katika Mambo ya Walawi 25, na mwaka 1873 wakafika Uingereza wakaimba mbele ya Malkia Victoria, yule yule ambaye Speke alilipa ziwa letu jina lake mwaka 1858, na dayosisi yetu nayo ikalirithi. Fedha walizozileta nyumbani zilijenga Jubilee Hall, iliyofunguliwa mwaka 1876, na jengo hilo lingali linasimama.

Mimi niliishia kwenye dola zile 50. Mweka hazina mmoja alikuwa na shida zote duniani na kapu mbele yake, akalitoa kapu. Mweka hazina mwingine alinunua soda.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa mwenyekiti wa halmashauri yetu. Alikuwa fundi cherehani, amekwisha kulala katika Bwana. Nilimkuta akishona, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Nilitazamia ama anifukuze ama aniambie, Mama, usijali, Mungu amekusamehe. Hakufanya yote mawili. Alifuta mikono, akaniletea daftari lile la safari kutoka kabatini, akalifungua mbele yangu akasema, "Mwalimu, keti uandike. Tarehe, kiasi, sababu." Nikaandika mistari mitatu niliyokuwa nimeikosa. Mkono wangu ulitetemeka hata mwandiko ule mtu asingeweza kusadiki kuwa ni wa mwalimu.

Halmashauri ilipokutana iliona kwamba gurudumu na dawa ni madeni ya kwaya, maana vilikuwa ni haja ya safari, na soda ni deni langu mimi. Kwaya ikatoa 16,300 na mimi 6,200. Zikapelekwa Bukoba pamoja na barua. Mzee yule akataka barua hiyo hiyo isomwe Sengerema na Geita pia, kwa kuwa fedha zilitoka kwao. Nilimlilia asifanye hivyo. Alifanya.

Mwaka uliofuata nilipita Sengerema nikamwendea yule mama mjane, nikiwa na sukari kilo mbili na jogoo. Alicheka sana kwa ajili ya jogoo. Kisha akanishika mkono akasema, "Mwalimu, kumbe gurudumu lilipasuka? Si ungetuma neno tukachanga la gurudumu?" Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Nilidhani tukiwaambia watu kwamba safari ina gharama watatuona tunakula sadaka yao. Kumbe waliokwisha kutupa jogoo wao hawakuwa na ugomvi na gurudumu.

Ndiyo maana nampenda Mtume Paulo anapozungumza juu ya mchango wa maskini wa Yerusalemu, katika 2 Wakorintho 8 na 9. Yeye alikuwa mtume, tena amepigwa mawe kwa ajili ya Injili, nani angemdai risiti? Lakini anasema wazi kwamba anatahadhari mtu asije akamlaumu kwa habari ya karama hiyo, anataka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Akamchukua ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe aandamane na fedha. Na ukisoma Matendo 20:4 utakuta majina saba ya watu waliosafiri pamoja naye, wa Beroya, wa Thesalonike, wa Derbe, wa Asia. Walikuwa kama kwaya ndogo, kila mmoja ametoka upande wake, na kila upande una jicho lake.

Basi, wanangu wa kwaya, niwaombe machache. Mifuko iwe miwili tangu siku ya kwanza, mmoja wa njia na mmoja wa wenyewe, na wenye kuishika wawe watu mbalimbali. Wa njia ukiisha, simameni mbele ya watu mseme umeisha. Kila mahali mtakapoimba, kapu lihesabiwe kabla hamjapanda gari, mbele ya mchungaji wa pale au mzee wa kanisa, aandike kwa mkono wake na atie sahihi, na jumla isomwe kwa sauti. Bukoba daftari lisomwe lote, mstari kwa mstari, hata kama watu watasinzia.

Dereva naye ni mtu. Sisi tulimweka yule wetu tukimwimbia asilale, tukaona ni mchezo. Mwezi Mei 2011 kwaya ya Ambassadors of Christ ya Kigali, wale wa Kwetu Pazuri ambao nyimbo zao mnazo katika simu zenu, walikuwa wakirudi nyumbani kutoka kuimba hapa Tanzania, wakapata ajali na waimbaji watatu wakafa. Hao walikuwa watu wazoefu wa safari. Ninyi dereva wenu alale kitandani usiku kucha, hata ikibidi mwenyekiti wa kwaya alale chini.

Na liko pendekezo nililolisikia, kwamba mchukue watoto watatu wa visiwani mzunguke nao, wasimame mbele wasimulie jinsi wazazi wao walivyokufa, ili watu waguswe na kutoa zaidi. Najua mfano unaotajwa. Mwaka 1984, Uganda ikiwa katika vita, Ray Barnett alianzisha African Children's Choir, watoto wakapelekwa Amerika ya Kaskazini kuimba, na fedha zikasomesha watoto wengi. Kazi hiyo ingali inaendelea. Kampala iko pia kwaya ya Watoto, tangu 1994. Siwahukumu, na matunda yao yanaonekana. Lakini watoto wale huenda kuimba, na kuimba humwinua mtoto. Kumsimamisha mtoto wa miaka tisa jioni kumi na mbili mfululizo asimulie kifo cha mama yake ni jambo jingine kabisa. Nimekaa na watoto darasani miaka 37. Wale ndugu wawili wa mwaka 1996 hawakuwahi kuniambia neno juu ya baba yao mpaka walipokuwa wakubwa, mmoja akiwa na mtoto wake mgongoni. Halmashauri itakapokutana nitapinga pendekezo hilo, na ninawaomba wazazi wenzangu tulipinge pamoja. Kama wimbo wenu hauwezi kufungua mifuko bila machozi ya mtoto, fanyeni mazoezi zaidi. Sauti ya tatu hasa.

Kabla hamjaondoka, jioni ya mwisho, njooni kanisani wote 30 pamoja na dereva. Tutafunga siku ile kama Ezra, tutaomba, kisha tutahesabu mfuko wa njia mbele ya waumini na kuuandika. Mkirudi, pumzikeni siku tatu mlale mlipe usingizi deni lake. Siku ya nne tutakuwa tunawangoja, na daftari.

Kapu lile la ukindu ninalo mpaka leo, naweka vitunguu. Limechakaa mshikio mmoja lakini mfuniko wake ni mzima. Mkilitaka kwa safari hii, njooni mlichukue nyumbani siku yoyote baada ya saa kumi. Njooni wawili.